Kutoka tanki la karabai hadi uzio wa Liemba: namna vyuma vidogo vya meli ya mfano vinavyoundwa

Weka meli ya mfano mezani, kisha angalia macho ya watu yanakwenda wapi. Hayaendi kwenye bodi. Yanakwenda kwenye uzio wa sitaha, kwenye nanga, kwenye vidirisha vya duara, kwenye vikono vinavyoning'iniza mashua za uokoaji. Bodi ya mninga iliyopigwa msasa wiki nzima inaharibiwa na uzio mmoja uliopinda. Hapa Kigoma mafundi wa mbao tunao, na hawahitaji kufundishwa na mtu: shuka Kibirizi au nenda Ujiji uone mitumbwi na maboti yanavyochongwa. Lakini wengi wakijaribu meli ya mfano hufika kwenye vyuma wakakwama. Huchomeka vijiti vya meno, hufunga uzi, hupaka rangi ya fedha, kazi inaishia hapo.

Wengine husema hiyo ni kazi ya watu wenye mikono myepesi. Sikubaliani nao hata kidogo. Nimewaona mafundi redio wa Mwanga wakilehemu vitu vidogo kuliko punje ya mtama, na mafundi sonara wakikunja waya mwembamba kama unywele. Mikono tunayo. Kinachokosekana ni kuelewa mambo machache kuhusu vipimo, moto na risasi ya kulehemu, ambayo mtu akiyajua kazi inafunguka. Nitayaeleza kama nilivyoyajua mimi, mengine kwa kuharibu kwanza.

Mfano wangu utakuwa Liemba, meli ya hapa Ziwa Tanganyika, sina sababu ya kutafuta meli nyingine. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda reli zaidi ya kilomita 1,200 hadi hapa na kuunganishwa upya kwa ribiti. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, wakiwa wamezipaka mashine zake grisi nene ili zisioze. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwa mtu anayetaka kuiunda kwa mkono, historia hiyo ina kazi ya kufanya: inakulazimisha uchague mwaka kabla hujashika tupa. Ukiunda Götzen ya 1915, unahitaji mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, na vyombo vya meli ya mvuke. Ukiunda Liemba iliyokwisha kuwekewa injini za dizeli katika miaka ya 1970, mzinga haupo na sitaha ina sura nyingine. Nimeona meli za mfano zenye mzinga wa vita na mashua za uokoaji za plastiki pamoja. Aliyeziunda alitumia miezi, na kosa lilifanyika siku ya kwanza.

Hesabu, na mahali hesabu inapogoma

Chagua kipimo cha 1 kwa 100. Si kwa sababu ndicho bora duniani, bali kwa sababu hakikusumbui kichwa: mita moja ya meli inakuwa sentimita moja ya mezani, na sentimita 10 zinakuwa milimita moja. Liemba ina urefu wa takribani mita 71 na upana wa karibu mita 10, kwa hiyo utapata meli ya sentimita 71 kwa 10, inayokaa juu ya kabati bila kugombana na mtu. Nguzo ya uzio yenye kimo cha mita moja inakuwa milimita 10. Baharia wa mita 1.7 anakuwa milimita 17. Mtutu wa mzinga ule wa Götzen, uliokuwa na urefu wa mara 40 ya tundu lake, yaani mita 4.2, unakuwa sentimita 4.2.

Mpaka hapo kila kitu kinakubali. Sasa chukua bomba la uzio lenye unene wa milimita 40: linakuwa waya wa milimita 0.4, ambao bado unapatikana. Chukua bati la chuma la milimita 6: linakuwa milimita 0.06. Kopo la soda, ambalo unaliponda kwa vidole viwili, lina unene wa karibu milimita 0.1. Maana yake ni kwamba bati halisi la meli, likipunguzwa kwa haki, ni jembamba kuliko kopo la soda, na hutaweza kulishika, kulikata wala kulilehemu.

Hapo ndipo lazima uamue nini kibaki kweli na nini kiruhusiwe kunenepa. Uamuzi wangu ni huu: kimo na nafasi havibadiliki, unene unaweza kuongezeka. Jicho la mtu hupima nafasi kati ya nguzo na nguzo, na kati ya bomba la juu na la kati, kuliko linavyopima unene wa kitu chenyewe. Lakini unene nao una mpaka. Ukipita mara mbili ya ule wa haki, uzio unaanza kufanana na banda la mbuzi.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu inakuletea kwa faida yako. Ukipunguza kitu mara 100 kila upande, eneo la mkato wake linapungua mara 10,000, lakini uzito wake unapungua mara milioni. Kwa hiyo kitu kidogo kina nguvu nyingi mno kulinganisha na uzito wake. Waya wa milimita 0.4 unasimama wima bila shida. Kinachouvunja ni kidole chako, ambacho hakikupungua, na kitambaa cha anayefuta vumbi sebuleni. Basi unganisha vyuma ukifikiria vidole na vitambaa. Mawimbi ya ziwa hayamo katika hesabu hiyo. Ni kwa sababu hiyohiyo uzi hauwezi kuigiza mnyororo wa nanga: uzi ni mwepesi mno kujivuta chini kwa uzito wake, utabaki umekakamaa hewani. Mnyororo inabidi uwe wa chuma kweli, hata kama ni mkufu mwembamba wa bei ndogo kutoka sokoni.

Vipimo vya vyombo vyenyewe utavipata kwa picha. Usipige picha bandarini bila ruhusa, omba kwanza. Ukiwa na picha iliyopigwa kwa ubavu, tafuta kitu ambacho urefu wake unaujua, kwa mfano mtu aliyesimama au kimo cha mlango, pima kwenye picha, kisha linganisha. Kitu hicho kiwe umbali uleule na kile unachotaka kujua. Mtu aliyesimama gatini, karibu na kamera, hawezi kukupimia dohani iliyo nyuma yake.

Chuma chenyewe kipo mtaani

Chuma kinachofaa kuliko vyote ni shaba ya njano, ile mafundi wanayoiita brasi. Haipati kutu, inakubali tupa, inakubali risasi, na inashika umbo. Watu huniuliza duka gani linaiuza kwa bati jembamba. Mimi sijawahi kuinunua dukani. Naipata kwenye karabai.

Kwa miaka mingi wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wamefanya kazi usiku kwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wamehamia taa za betri na sola, na karabai za zamani zinalala kwenye mabanda au kwa wanunuzi wa skrepa. Tanki la karabai nzuri ni brasi, ingawa kwa nje linang'aa kama fedha kwa sababu limepakwa nikeli. Kwangua kidogo kwa tupa chini ya kitako: ukiona njano, umepata. Tanki moja linatoa bati la kutosha meli nzima na zaidi. Kabla hujalikata, mwaga mafuta yote, lioshe kwa sabuni na maji mara tatu, liache wazi juani siku nzima. Mvuke wa mafuta uliobaki ndani ya tanki lililofungwa unaweza kulipuka ukikutana na moto; usiwe na haraka hapo.

Mabomba madogo yanatoka kwenye antena za redio, zile za kuvuta. Kila kipande ni bomba linaloingia ndani ya jingine, kwa hiyo antena moja inakupa vipenyo vitano au sita, kuanzia milimita saba hivi mpaka mbili. Nyingi ni brasi iliyopakwa kromu, ila nyingine ni chuma cha pua, kwa hiyo kwangua uone rangi. Na kromu lazima uiondoe mahali unapotaka kulehemu, kwa sababu risasi haishiki kwenye kromu.

Waya mwembamba uko kwa fundi anayewaindi mota. Kopa ya mota iliyoungua inauzwa kwa uzito, na ina unene wa aina nyingi. Angalia jambo moja: waya huo umevikwa vanishi isiyoonekana, na risasi haitashika mpaka uiondoe kwa msasa. Nimewaona watu wakilaani risasi kumbe walikuwa wanalehemu vanishi. Spoku ya baiskeli, ambayo kwa kawaida ni milimita 2, inafaa kwa vikono vya mashua na nguzo nene. Kopo la maziwa ya unga ni chuma kilichopakwa bati jeupe na linalehemika vizuri sana, ila kingo zilizokatwa hushika kutu, kwa hiyo zipake rangi mapema.

Viwili nakushauri uviache. Kopo la soda ni aluminiamu. Juu yake kuna ngozi ya oksidi inayojirudisha papo hapo ukiikwangua, na risasi ya kawaida haishiki. Kingine ni risasi ya nyavu, ile ya kuzamishia, si ya kulehemu. Najua inajaribu, kwa sababu inayeyuka kwa nyuzi 327 tu na mtu anaweza kumimina nanga jikoni. Lakini moshi na vumbi lake ni sumu, na mbaya zaidi kwa watoto. Halafu hata ukinusurika nayo, meli haitanusurika: mbao hutoa mvuke wa asidi polepole, na meli ikifungiwa kwenye sanduku la kioo, asidi hiyo huigeuza risasi kuwa unga mweupe. Makumbusho yamepoteza nanga na mizinga midogo ya meli za mfano za zamani kwa namna hiyo.

Shaba ikikataa

Mara ya kwanza nilipokata tanki la karabai nilitaka kulinyoosha liwe bapa. Nikaligonga, likakubali kidogo, nikaligonga tena, likawa gumu, nikaongeza nguvu, likapasuka kuanzia ukingoni. Nikachukua kipande hicho hadi kwa fundi sonara mmoja, mzee anayefanya kazi kibarazani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea dhahabu?"

Nikampa kile kipande. Akakigeuza, akapitisha ukucha kwenye ufa.

"Umeigonga mara ngapi bila kuirudisha motoni?"

Sikuwa na jibu.

"Shaba ikikataa usishindane nayo. Irudishe motoni, itasahau."

Ndivyo ilivyo hasa. Ndani ya chuma kuna fuwele ndogondogo, na ndani ya kila fuwele matabaka huteleza moja juu ya jingine unapokunja au kugonga. Kila pigo linazivuruga zaidi, mpaka mahali pa kuteleza panakwisha. Hapo chuma kinakuwa kigumu, na ukiendelea kinapasuka. Tanki la karabai lilikwisha kushindiliwa kiwandani, kwa hiyo linakujia likiwa tayari gumu. Moto unazipa fuwele hizo nafasi ya kujipanga upya, na ulaini unarudi.

Mkaa wa kawaida kwenye jiko unatosha. Weka kipande juu ya makaa yaliyoshika, pepea, na fanya kazi hiyo kivulini au jioni, maana rangi unayoitafuta ni wekundu hafifu sana, wa kama damu ya mzee, ambao juani huwezi kuuona. Ukiona wekundu mkali, umeshazidisha. Ukiona moshi mweupe, ondoa haraka na usiuvute: ni zinki inayochomeka kutoka ndani ya brasi, na inaleta homa. Subiri wekundu uishe, kisha tumbukiza majini. Hapa mtu aliyezoea kufua visu na majembe hushangaa, kwa sababu chuma cha kisu kikitoka motoni kikaingia majini kinakuwa kigumu. Kopa na brasi haziko hivyo. Maji yanazipoza tu, ulaini unabaki palepale.

Baada ya hapo bati lile la karabai nililikunja kwa vidole. Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyeusi kwa moto. Nikaisugua kwa ndimu na chumvi, ikatoka njano safi. Tangu siku hiyo sihesabu mapigo. Mkono ukianza kusikia nyundo inarudi juu, kipande kinarudi jikoni.

Wakati mwingine unataka kinyume chake: unataka waya uwe mgumu na mnyoofu. Kopa ya mota inakuja imejikunja kama mizizi. Bana ncha moja kwenye jiliwa, ncha nyingine ishike kwa plaizi, vuta taratibu. Utausikia waya ukikataa, halafu ghafla unakubali kidogo, kama mpira mgumu. Acha hapo. Umenyooka kama mshale, na kwa sababu umeuvuruga ndani umekuwa mgumu kuliko mwanzo. Sekunde kumi, bila moto wala nyundo.

Nguzo 90 zinazofanana

Uzio wangu wa kwanza ulikuwa na nguzo 90. Nilizikata moja moja, kila moja nikiipima kwa rula mpaka milimita 10. Nilijitahidi kwa moyo wote. Nilipozichomeka zote na kuinamia meli kutoka omo, yaani mbele, nikitazama kuelekea tezi, yaani nyuma, uzio ulikuwa unapanda na kushuka kama meno ya mzee. Nilizing'oa zote usiku uleule, na iliniuma.

Kwa mkono na rula mtu mwangalifu hukosea nusu milimita huku na huku. Kwenye meza ya kulia chakula nusu milimita si kitu. Kwenye nguzo ya milimita 10 ni sehemu 5 kati ya 100, na nguzo mbili jirani zikikosea kila moja upande wake, tofauti yao ni sehemu 10. Uzio wa pili niliuunda kwa kigezo, yaani kifaa kinachofanya kila kipande kitoke kwa kipimo kilekile. Miezi baadaye nilipima nguzo zake kwa kipimo cha kubana: zote zilikuwa milimita 9.6. Zote zilikuwa fupi, na hakuna aliyewahi kuona, hata mimi. Jicho linasamehe kosa likirudiwa sawasawa, ila halisamehi tofauti. Ndiyo maana naamini kwamba kazi halisi ya vyuma vidogo ni kuunda kigezo, na vyuma vyenyewe hufuata. Ile meli ya makasha 5,000 isingeunganishwa Kigoma kama kila bati lingetobolewa kwa kukisia.

Kigezo changu cha nguzo ni kibao cha mninga chenye ukubwa wa kiganja. Nilichora mstari mmoja wima, nikapigilia sindano mbili za kushonea juu ya mstari huo, zikiwa zimeachana milimita 5 kamili. Milimita 5 chini ya sindano ya pili nikachora mstari wa kukatiza: huo ndio usawa wa sitaha. Chukua waya wa kopa wa milimita 0.25 ulionyooshwa na kukwanguliwa vanishi. Upitishe juu ya sindano ya juu, ncha zote mbili zikining'inia chini. Shika ncha kwa plaizi na usokote: mara sita, si tano wala saba. Ukifika kwenye sindano ya pili, achanisha ncha, moja ipite kushoto kwake na nyingine kulia, zikutane chini yake, sokota tena mara sita hadi chini ya mstari wa sitaha, na uache mkia wa milimita 4 wa kuchomeka kwenye mbao.

Sasa una nguzo yenye macho mawili. Waya mbili za milimita 0.25 zilizosokotwa zinatoa unene wa karibu milimita 0.5, sawa na sentimita 5 za meli halisi, ambao ni unene wa heshima kabisa kwa nguzo ya uzio. Inaonekana kama kamba bado, lakini hilo linaondoka. Paka fluksi kidogo, ile dawa inayosafisha chuma ili risasi ishike, gusa kwa pasi ya kulehemu yenye risasi kidogo sana. Risasi itanyweka ndani ya msokoto kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, ijaze mifereji yote, na nguzo itoke laini na imara. Ili macho yasizibe, sugua zile sindano kwa penseli kabla ya kuanza: risasi haishiki kwenye risasi ya penseli, ambayo licha ya jina lake ni grafiti. Mninga utaungua kidogo, si neno.

Nguzo ya kwanza itakuchukua dakika kumi. Ya 20 itakuchukua dakika mbili.

Risasi hufuata joto

Watu wengi wanaolehemu wanachukua risasi kwa ncha ya pasi, wanaibeba kama chakula kwenye kijiko, wanaidondosha kwenye kiungo. Inakaa juu kama tone la nta, na kesho kiungo kinaachia. Risasi ya mafundi redio huyeyuka kwa nyuzi karibu 190. Ikigusa chuma kilicho baridi kuliko hapo, inaganda usoni bila kushikamana. Ipashe moto brasi yenyewe, kisha gusisha risasi upande wa pili wa kiungo, mbali na pasi. Chuma kikiwa na joto la kutosha, risasi itakimbia kuelekea pasi ilipo, ikipita ndani ya kiungo njiani. Inakwenda kwenye joto kila mara. Na inapita vizuri kwenye mwanya mwembamba. Kwenye pengo pana inashindwa. Kwa hiyo viungo vikatwe vikae barabara, risasi si ya kuziba makosa ya msumeno.

Shida kubwa inakuja kwenye kitu chenye viungo vingi vilivyo karibu. Unalehemu cha pili, cha kwanza kinaachia. Mashine ya kupandishia nanga ina viungo kumi katika nafasi ya ukucha wa kidole gumba, na niliwahi kuiona ikisambaratika yote mbele yangu wakati wa kiungo cha kumi. Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni kuzuia joto lisisafiri: zungushia karatasi ya chooni iliyoloa maji kwenye kiungo kilichokwisha, au chomeka upande huo ndani ya kiazi kibichi. Kiazi kimejaa maji, na mahali penye maji hapapiti nyuzi 100 mpaka maji yote yakauke, wakati risasi inahitaji 190. Ya pili ni kupanga risasi kwa ngazi. Viungo vya kwanza vipeleke kwa sonara akuunganishie kwa fedha na boraksi. Fedha hiyo inayeyuka kwa nyuzi zaidi ya 600, na baadaye ukilehemu kwa risasi ya kawaida kiungo kile hakisikii kitu.

Ukimaliza, osha. Fluksi iliyobaki inakula shaba polepole na kutoa ukungu wa kijani chini ya rangi. Maji ya moto, sabuni, mswaki wa zamani.

Vilivyobaki

Vidirisha vya duara ni kazi nyepesi ukishaelewa kigezo. Kidirisha cha sentimita 35 hivi kinakuwa milimita 3.5, na antena ina bomba la karibu hapo. Shindilia kijiti cha mwanzi ndani ya bomba lijae kabisa, ndipo ukate pete kwa msumeno mwembamba; bila mwanzi bomba litabonyea. Pete zitatoka na unene usiolingana. Toboa tundu lenye kipenyo cha pete kwenye bati la unene wa milimita moja, tia pete ndani, piga tupa mpaka ilingane na uso wa bati. Kila pete itatoka na milimita moja, hata ukifumba macho.

Nanga naikata kwenye pini bapa ya plagi kubwa ya umeme, ambayo ni brasi nene. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni tupa na subira. Mikono ya nanga ichonge ikiwa bado kwenye kipande kirefu, ukate mwishoni, maana kitu kidogo kisicho na mahali pa kushikia kinaruka na hutakiona tena.

Rafadha, wengine huiita pangaboi, inastahili uangalifu zaidi kuliko watu wanavyoipa. Götzen ilikuwa na mbili. Kwenye vyombo vya rafadha mbili kwa kawaida moja huzunguka kinyume cha nyingine, kwa hiyo mapanga yake hupinda kinyume vilevile, kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Ukiunda mbili zinazofanana, umekosea. Kata mapanga kwenye bati la karabai yote yakiwa yamegandishwa pamoja kwa tone la risasi, yapige tupa kwa pamoja, kisha yaachanishe kwa moto. Kitovu kikate mifereji ya mshazari wa nyuzi 45, kimoja ukielekeze kulia na kingine kushoto, chomeka mapanga humo na ulehemu. Kuyapinda pinda mwishoni kabisa, kwa vidole, na brasi iwe imelainishwa.

Rangi haipendi brasi tupu. Inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Futa kwa siki, suuza, usiguse tena kwa vidole, kisha pitisha rangi ya kwanza nyembamba ya kushikia kabla ya nyeupe. Tabaka nene zinajaza macho ya nguzo na kufuta kila ulichokitengeneza.

Na kuhusu kuchomeka uzio wenyewe: usianze omo ukaenda mfululizo hadi tezi, kwa sababu kosa dogo la kila nguzo linajikusanya. Toboa matundu yote kwanza, kwa kamba ya karatasi iliyopigwa alama kila milimita 15 na kubandikwa kando ya sitaha. Chomeka nguzo ya omo na ya tezi, vuta uzi mwembamba kati ya macho yao ya juu, uufunge. Kisha chomeka za kati, moja moja, kila jicho likiugusa uzi bila kuuinua. Gundi iwe tone la ncha ya sindano. Ikishakauka, toa uzi, pitisha waya wa milimita 0.4 kutoka tezi ukitangulia kuunyoosha kwenye jiliwa, na uupitishe taratibu ukiuzungusha kati ya vidole, jicho kwa jicho, mpaka utokeze omo.